Jumamosi Niliyomaliza Kazi ya Sista Leonila

Mdogo wangu Agnesi, kuna Jumamosi moja ya ukungu hainitoki kichwani. Kwa mdomo najijua siwezi kukueleza, kwa hiyo naiandika humu kwenye daftari langu. Januari ukija Lushoto kuanza kidato cha kwanza, utalala hosteli hii ya masista, na kazi yangu ya Jumamosi utaachiwa wewe: kumsaidia Sista Leonila kukata hostia, mikate ya komunyo.

Ana baridi yabisi tangu akiwa msichana. Vidole vimepinda, na asubuhi za baridi hata kufunga kifungo hawezi. Cha ajabu, ukungu uleule unaomtesa ndio unaolainisha ile mikate myembamba kama karatasi, isipasuke ikikatwa. Anabonyeza kikatio kwa kiganja, anapumzika, anabonyeza tena. Kazi ya saa moja inamchukua asubuhi nzima.

Nilimwonea huruma. Siku hiyo niliingia mapema, nikakata yote, nikapanga hostia kwenye makopo, nikafagia mpaka makombo. Kusema kweli, nilitaka pia kusifiwa.

Mama Mkuu wa masista ndiye aliyepita kwanza. "Kumbe mtoto anaweza peke yake! Basi Sista Leonila apumzike moja kwa moja."

Sista alikuwa mlangoni, amesikia. Tulipobaki wawili, akaingia.

"Makombo yako wapi?"

"Nimetupa, Sista."

"Watoto wa chekechea watakuja kuyaomba saa nne. Utawaambia nini?" Akakaa. "Na mimi leo nimeamkia nini?"

Nikasema nilitaka asiumie.

"Mwanangu, mikono hii inauma nikikata, na inauma nisipokata. Uliniuliza nachagua maumivu yapi?"

Nilienda kulia chooni. Wiki nzima Sista alikaa barazani, blanketi magotini, kama mtu anayesubiri gari ambalo haliji. Kila nikipita aliniitikia shikamoo vizuri tu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Ijumaa nikaenda kwa Mama Mkuu. Unanijua, darasani nikiitwa jina tu natokwa jasho.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sema kwa sauti, maana hiyo shikamoo yenyewe nimeisikia nusu."

"Naomba Sista Leonila arudishiwe kazi yake. Mimi ndiye niliyekosea."

"Amekutuma?"

"Hapana."

"Umemuuliza kama anataka?"

Mara ya pili, Agnesi, na bado sikuwa nimeuliza! Nikakimbia barazani nikamuuliza.

Sista alifikiri kwanza. "Nataka. Ila uniletee maji ya moto niloweke mikono kabla ya kuanza. Na lile kopo la juu silifikii, hilo unishushie wewe."

Basi. Hayo mawili tu, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya yote. Nikampelekea Mama Mkuu jibu, akakubali, na kesho yake Sista alirudi kwenye kikatio chake.

Kwa hiyo ukija, chemsha maji, shusha kopo, halafu kaa karibu yake. Usimfanyie mgonjwa kazi yake eti kwa sababu unampenda. Muulize, usubiri jibu hata likichelewa. Makombo yaweke kwenye bakuli la watoto.

Mungu akupandishe salama milima hii, mdogo wangu. Akupe mikono mizima, na siku ikikuuma, akupe mtu wa kukuuliza.