Samaki wa Magadi na Kifini cha Jirani

Juzi, kwenye ghala ninakofanya kazi Seven Hills, mwenzangu alipasha samaki katika maikrowevu, nikatoka mbio mkono mdomoni. Si kosa lake. Harufu ile hunirudisha mtaa wa Doonside, jikoni kwa jirani yetu, bibi wa Kifini aliyenilea nikiwa na miaka saba.

Mama alinitoa Bukavu nikiwa mgongoni. Huku ugenini alihudumia wazee, shifti za jioni, na bila yule bibi angeacha kazi. Nyumba ya bibi ilinuka maziwa yaliyochacha. Peremende zake zilikuwa nyeusi, chumvi tupu. Nilizitema kwenye maua yake.

Kiingereza kilimchosha, basi akanifundisha Kifini tukimenya viazi. Minä syön, ninakula. Sinä syöt, unakula. Hän syö, anakula; na hän, kama yeye wetu, ni mwanamume au mwanamke, sawa tu. Neno la kukataa nalo lilibadilika kumfuata mtu anayesemwa, kama kwetu: en syö, sili, et syö, huli. Kilichonitesa ni miisho ya maneno. Syön kalaa, ninakula samaki kidogo. Syön kalan, nitamla samaki mzima.

Krismasi moja, joto kali, alitualika. Samaki mkavu alikuwa amelowekwa magadi mpaka akawa rojorojo, anatetemeka sahanini kama kamasi.

"Mitä sinä syöt?" bibi akaniuliza. Unakula nini?

Nilitaka mama ajivunie. "Minä syön kalan!"

Bibi akapiga makofi, akanijazia sahani.

"Umesema nini?" mama akauliza.

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba nimesema nitammaliza samaki mzima.

"Basi utamaliza. Usinipatishe haya kwa watu."

Kijiko cha kwanza kiliteleza kooni, kikarudi. Nikakitema kwenye kitambaa cheupe cha meza. Mama akafumba macho. Nilijua anawaza kazi yake.

"En syö," nikasema, nikilia.

Bibi akanitazama, kisha akacheka hadi akashika meza. "Oikein!" Sawasawa kabisa! Akanikatia mkate. Mama, kwa heshima, akavuta sahani yangu akammaliza yule samaki, machozi yakimtoka. Tulipofika kwetu alitapika kwenye sinki.

Miaka ilipita, bibi akahamishiwa nyumba ya wazee huko Minto, kunakonuka dawa ya sakafu na viazi vya kupondwa. Nilikwenda kumtembelea. Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Wahudumu walimsifu kwa utulivu. Utulivu gani? Hakuwa na wa kuongea naye. Nikakaa kitandani, nikamwambia vile visentensi vyangu vya kitoto: mvua inanyesha, nina njaa, mama yuko kazini. Akanishika mkono, akanijibu mchana kutwa.

Nyumba yake imebomolewa, wamejenga mbili zilizobanana. Wafini wapo wengi duniani, najua. Lakini Kifini changu kilikuwa na watu wawili tu, na mmoja tumemzika.