Nilimkana Mwimbaji Wetu Mbele ya Majani Yaliyoungua

Nimekosa. Naandika haya nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa nainuka, nikiinuka nazunguka meza, na mke wangu ameshaniuliza mara mbili kama nimemeza siafu. Jina langu sitataja. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha. Ukinitambua kwa haya ninayosema, nakuomba unyamaze. Ukishindwa kunyamaza, basi, sema! Nimechoka kuwa mtu mzuri.

Mimi ni karani wa kituo cha majani chai, huku juu karibu na Kimulot. Wakulima wakishachuma wanakuja kwenye banda, napima, kisha magunia yanatundikwa kwenye ndoano kungoja lori la kiwanda. Mwenyekiti wa kituo ni mjomba wangu, ndugu ya mama, na ndiye aliyenitafutia hiyo kazi. Mwaka tisini na saba alikuwa ananitafutia mke pia.

Na mimi ni shoga. Haya, limetoka!

Hatukuwa wengi. Tulikuwa watatu, tulijuana shuleni, na kila mmoja alikuwa akidhani ni yeye peke yake duniani mwenye ugonjwa huo. Kibet alicheza gitaa. Ouma aliimba. Wazazi wa Ouma walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, lakini yeye alizaliwa huku huku Kericho, na Kipsigis chake ni kizuri kuliko changu. Mimi nilipiga ngoma, ngoma zenyewe masanduku ya mbao ya kupakia chai. Mwalimu mmoja wa kujitolea alipomaliza muda wake alituachia kanda za panki, ule muziki wa kupiga kelele na kukasirika. Tukaupenda siku hiyo hiyo! Haukutaka ujue kucheza. Ulitaka tu uwe na kitu kinachokuuma.

Tukatoa kanda moja, tukaiita kwa jina la kundi letu, Magugu. Nyimbo zilisema wazi sisi ni nani, kwa hivyo hatukuandika jina la mtu hata mmoja kwenye karatasi, ila namba ya sanduku la posta la Kibet tu. Kanda ilipita kwa mikono, mtu akimnakilia mwenzake. Halafu ukaja ule mwaka wa vita vya mpakani, watu wa kwetu na watu wa ziwani, familia ya Ouma ikakimbia, na kundi likaisha. Mimi na Ouma tulikuwa zaidi ya kundi. Hilo mmeshalielewa, sitaki kulirudia.

Alirudi baada ya miaka minne, akapata kazi kiwandani, sehemu ya kunyausha majani, na chumba katika nyumba za wafanyakazi. Wakati huo Kibet alikuwa anatengeneza redio pale Sotik. Siku moja barua ikafika kwenye sanduku lake la posta, haina jina la mwandishi. Ilisema: "Nimesikiliza kanda yenu mpaka ikakatika, nikaiunga kwa selotepu. Nilidhani niko peke yangu. Kama bado mko hai, toeni nyingine."

Ouma aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akainama kufunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Tutoe," akasema. "Bana, tutoe tu."

Tulitunga nyimbo nane kwa mwezi mmoja. Wimbo mkali kuliko zote niliutunga mimi mwenyewe, "Mjomba, Usinitafutie Mke." Jamani, tulicheka! Lakini pa kurekodia hatukuwa napo. Nani angetukubali na kelele hizo? Nikasema, mimi nina ufunguo wa banda. Jumapili majani hayapimwi, watu wote wako kanisani. Tutaanza asubuhi na mapema, ibada ikiisha tumeshaondoka.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha mpaka barabara ikawa uji. Lori likakwama, na majani ya wakulima yakalala bandani. Dereva akaniletea ujumbe kwamba atakuja Jumapili barabara ikikauka. Mtu mwenye akili angewaambia wenzake tungoje wiki nyingine. Mimi sikuwaambia. Wiki iliyofuata ilikuwa koito yangu, ile siku wazee wa kwetu wanakwenda kwa wazee wa msichana kukubaliana, na nilijua nikishavuka hapo sitashika fimbo za ngoma tena. Nikajipigia hesabu kwamba lori haliwezi kufika kabla ya saa saba. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikuwa anasikia?

Kibet alikuja na redio yake ya kurekodi kanda. Tulipojaribu wimbo wa kwanza, mabati yalirudisha sauti mpaka masikio yakauma. Kibet akasema hiyo kanda itakuwa takataka. Nikatazama yale magunia kwenye ndoano. Ni mimi niliyesema tuyashushe, tuyapange ukutani, tuyashindilie yanyonye mwangwi. Mimi, karani! Mtu anayewafokea akina mama kila siku wasishindilie majani, kwa sababu jani bichi lazima lipumue. Ukilibana linapata joto, linaungua, linageuka jekundu, na kiwanda hakiligusi. Ouma aliuliza kama hayataharibika. Nikamwambia aimbe, majani aniachie mimi.

Na sauti ikawa safi! Siwezi kudanganya. Asubuhi ile nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baadaye. Nyimbo sita zikaingia kwenye kanda bila kukosea. Ouma alikuwa ametoa shati, shingo imemvimba, ananitazama kila akifika kwenye kibwagizo.

Tulikuwa katikati ya ule wa mjomba wakati mlango ulipofunguka. Trekta ilikuwa imelivuta lori asubuhi. Lori lilipiga honi huko barabarani, watu wakalisikia kanisani, wakatoka kwenye ibada kuja kutoa majani yao. Sisi na kelele zetu tungesikia nini?

Nilitupa fimbo chini ya meza. Mjomba aliingia na suti yake ya kanisani, Biblia kwapani, na nyuma yake wakulima kama kumi na tano. Hakututazama sisi kwanza. Alitazama magunia. Akaingiza mkono kwenye moja, akautoa haraka.

"Oi! Hii majani inachoma kama ugali!"

"Gunia yangu iko wapi?" Mama Chebet akalia. Alilipasua kwa mkono. Majani yalikuwa mekundu mpaka katikati. "Wuui! Nimechuma na mgongo mgonjwa, karani! Nimechuma na mvua!"

Mjomba akanigeukia. "Weri, wewe kijana, nani alifungua hapa?"

"Nimekuta kumefunguliwa," nikasema. "Nimeibiwa ufunguo."

"Nani aliiba?"

Hapa ndipo. Kibet alikuwa amesimama pale pale, gitaa shingoni, lakini Kibet ni wa kwetu na hakuna jicho lililomwendea. Nilijua wataamini nini. Nilijua vizuri sana, na nikakitumia nilichokijua.

"Huyu," nikasema, nikamnyooshea Ouma kidole. "Huyu wa kutoka ziwani."

"Wewe unamjua?"

"Simjui. Sijawahi kumwona huyu mtu."

Ouma alinitazama. Angesema neno moja tu, koito imekufa, kazi imekwenda, na mimi pengine ningepigwa hadi nife. Akaokota shati lake.

"Ni kweli, mzee," akamwambia mjomba. "Ni mimi nilichukua ufunguo. Na hiyo majani ni mimi nilipanga. Karani hanijui."

Walimpiga makofi, wakamsukuma mpaka kwenye lori apelekwe kiwandani. Masanduku yangu yalivunjwa kwa mateke. Kibet alichukua redio yake akaondoka bila kunitazama. Petro wa Biblia angalau alitoka nje akalia. Mimi nilibaki bandani nikapanga foleni, nikawapimia wale wachache ambao majani yao yalikuwa yamepona.

Jumatatu Ouma akafutwa, na kazi ikiisha, nyumba imeisha. Nilipita pale na baiskeli kabla ya saa sita. Godoro lake lilikuwa nje kwenye nyasi, manyunyu yanaliangukia, naye amechuchumaa anafunga sufuria kwa kamba. Nilikanyaga pedali kwa nguvu zaidi. Ndiyo, zaidi! Mkitaka kujua mtu anayewaandikia ni wa namna gani, ni yule aliyeongeza mwendo.

Koito ilikwenda vizuri. Wazee wa msichana waliuliza kama kuna neno lolote juu ya kijana wetu. Mjomba akasimama, akatoa kofia.

"Hii kijana ni mwaminifu," akasema. "Hata juzi ameshika mwizi."

Watu wakapiga makofi. Nami niliinamisha kichwa, wakadhani ni adabu.

Nilioa. Mke wangu hana kosa hata moja, na hilo linazidi kuniumiza, kwa sababu naye nimemdanganya tangu siku ya kwanza. Ananiuliza mbona silali, mbona napigapiga meza kwa vidole. Namwambia ni kazi.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa Sotik siku ya soko. Nikasikia ngoma zangu. Zilikuwa zinatoka dukani kwa Kibet, na vijana wawili nisiowajua wamekaa kwenye benchi wanatikisa vichwa. Miguu ikanipeleka yenyewe. Nilifika wimbo wa mjomba ukiwa unaanza. Ukafika katikati, ukakatika, na badala ya kimya nikasikia watu. "Wuui! Nimechuma na mvua!" Redio haikuwa imezimwa! Ilikuwa imenasa yote. Nikajisikia nikisema, sauti kavu kabisa, wala haitetemeki: "Simjui. Sijawahi kumwona huyu mtu."

Mmoja wa wale vijana akatema mate. "Huyo mse ni nani?"

"Karani fulani," Kibet akamjibu.

Nilimvuta Kibet nyuma ya duka. Nikamsihi. Kwa jina la shule, kwa jina la mama zetu, afute kile kipande.

"Nilitaka kufuta," akasema. "Niliona haya kwa niaba yako. Ouma alikuja hapa tuchague nyimbo pamoja, akanishika mkono. Akasema tukifuta, watu watafikiri sisi tulimaliza kama marafiki."

"Yuko wapi?"

"Kwao. Anavua samaki na ndugu zake, na hajui kuvua." Kibet alikuwa amesharudi nusu ya njia kuelekea dukani. "Usiende. Amesema usiende."

Sijaenda. Kanda imeshafika Nakuru, nasikia, na Mombasa, na kwa yule wa selotepu. Watu wa aina yetu wanaisikiliza wakiwa wamejifungia, na mwishoni wananisikia.

Sasa wewe unayesoma haya, nawe una mtu wako wa siri. Simaanishi umtangaze sokoni. Nchi hii naijua, na ngozi ni yako. Hata Ouma hakuwahi kuniomba nimtaje kwa mtu. Lakini siku watakapomshika, wakakugeukia wakuulize, usiharakishe jibu kama mimi. Ziba mdomo tu! Mjomba angefoka, angenitikisa, pengine angenifukuza, na mimi ningekuwa mwoga aliyekosa la kusema. Mwoga husamehewa. Mimi nilisema, tena bila kutetemeka.