Sombe Isiyo na Samaki

Daktari aliyepanga chumba cha nyuma nyumbani kwetu Nguba alikuwa mwanamke Mhindi, na Kiswahili chake alikuwa amejifunzia Dar es Salaam, alikofanya kazi miaka kadhaa kabla ya kuja Bukavu. Mama yangu, mzaliwa wa Mudaka, alimsikiliza kwa heshima kama mtu anayesikiliza redio ya nchi jirani, kisha akanigeukia: "Anasema nini?" Kazi yangu ikawa kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Siku aliyofika, mama alimuuliza anakula nini.

"Ninakula mboga tu, mama."

Hapo mama hakuhitaji mkalimani. Kwetu mboga ni chochote kinachoshusha bugali. Jumapili akamwandalia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, nyama ya ng'ombe, na kuku katikati ya meza. Daktari akaangalia vyombo, akaniangalia mimi, kisha akala bugali kwa chumvi.

Nilipoeleza kwamba hali nyama, samaki wala mayai, mama alimhurumia kama mgonjwa.

"Ni dokta gani alimukataza?"

"Hakuna, mama. Ni dini yao."

Akainua sambaza mmoja kwa mkia. "Na hii? Angalia vile iko kadogo. Iko na roho kweli?"

Hata hivyo walianza kupika pamoja kila Jumamosi uani, kila mmoja na mbabula yake ya makaa. Daktari alitia maharagi binzari na tangawizi, mama akaonja na kusema, "Haragi hizi zimesoma." Naye akamfundisha sombe. Daktari alitwanga yale majani ya muhogo polepole mno, mpaka mama akashindwa kuvumilia. "Maman Dokta, hii haiko mutoto mugonjwa. Piga."

Shida ni kwamba mama hakuamini sombe isiyo na samaki. Aliiita chakula cha mbuzi. Jumamosi moja daktari alichelewa hospitalini, mama akapika peke yake. Nilimwona akisaga sambaza wakavu mpaka wakawa unga, akaumwaga kwenye sufuria. Nilinyamaza, na hiyo ni dhambi yangu mimi.

Daktari alikula sahani tatu.

"Leo umeweka nini, mama?"

"Mapendo tu."

Nilikohoa mpaka nikapewa maji.

Wiki iliyofuata mama alikwenda kuungama. Alirudi amenuna. "Nilifikiri padiri atanipa Salamu Maria tano. Anasema niende kumuambia mwenyewe." Akanichukua nikatafsiri, ingawa siku hizo wao wawili walikuwa wakielewana vizuri kuliko mimi na mama.

Daktari alisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti.

"Mama, kuna kitu ambacho wewe huli?"

"Kondoo. Kwetu mwanamuke hakuli kondoo."

"Ningekupikia kondoo nikasema ni ng'ombe?"

Mama akashika koo lake kwa mikono miwili, kana kwamba kondoo tayari alikuwa anashuka. "Unisamehe, mwana wangu," akasema. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Jumamosi hiyo hakutoka. Harufu ya binzari ilitufikia kupitia dirishani, na mama akakaa mbele ya mbabula yake akigeuza viazi ambavyo havikuwa na haja ya kugeuzwa. Jumatatu alikwenda soko la Kadutu, akanunua sufuria mpya, akafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa sufuria hiyo, akaiacha mlangoni kwa daktari pamoja na fungu la majani ya muhogo yasiyotwangwa.

Jumamosi iliyofuata daktari alitoka na sufuria ile kichwani, akiibeba vibaya sana. Walitwanga wakipokezana. Sombe iliiva kwa mawese, karanga na bilinganya. Mama alionja, akafikiri, akaonja tena.

"Inakosa kitu," akasema. "Lakini haikosi sana."

Kutoka siku hiyo alikuwa mkali juu ya sufuria ile kuliko mwenyewe. Baba aliwahi kuchemshia humo mayai yake mawili, kwa haraka, akidhani hakuna anayemwona. Mama aliisugua kwa majivu na mchanga karibu saa nzima, bila kumsemesha. Mayai akampa mbwa wa jirani, na baba akanywa chai kavu mbele yetu sote, daktari akimwonea huruma waziwazi.