Tunashuhudia Nini Juu ya Edmund Raw

Watu wa Garsby walipenda kumchokoza Tabitha Airey. Mkulima angeingia dukani kwake, koti linachuruzika maji ya mvua, akauliza, "Bibi Airey, kabeji hizi zitaota?" Naye angejibu kwamba za mwaka jana ziliota.

"Na za mwaka huu je?"

"Hizo bado ziko kwenye gunia."

Wangecheka, kisha wangenunua. Katika bonde lote lile la Yorkshire hapakuwa na duka jingine la mbegu ambalo mwenyewe alikataa kusifu mali yake.

Alikuwa mmoja wa Marafiki, Wakristo wale waitwao Quaker, kama baba yake na babu yake. Marafiki hawaapi, hata mbele ya hakimu. Kwao, anayeapa leo anakiri kwamba maneno yake ya jana hayakuwa na uzito. Kwa hiyo kila neno hupimwa kabla ya kutoka mdomoni, na mtu huitwa kwa majina yake mawili tu, awe bwana shamba au mfagiaji.

Tabitha alikuwa karani wao, kazi ambayo nimewaeleza watu wa nchi nyingi na wachache wameniamini. Marafiki hawapigi kura. Hukaa kimya kwenye mabenchi yao, mwenye neno husimama akasema, akakaa. Karani husikiliza, kisha huandika palepale, mbele ya macho yao, kile anachohisi kwamba wote wamekifikia, akakisoma. Wakikubali, husema kwa sauti ya chini, "Natumaini hivyo." Huko ndiko kukubali kwao kwa mwisho. Asiporidhika hata mmoja, karani hufuta.

Mwaka wa 1916 serikali ilianza kuwachukua vijana kwa nguvu waende vitani. Aliyekataa kwa sababu ya imani alipelekwa mbele ya baraza, nalo baraza lilitaka kujua kama kweli anaamini au anaogopa risasi. Wa kwanza kutoka Garsby alikuwa Wilfred, mtoto wa Caleb Thwaite mshona matandiko ya farasi. Marafiki walipokaa kumwandikia, Caleb mwenyewe ndiye aliyekataa neno kali. Alisema hakuna auonaye moyo wa mwenzake, hata baba. Basi wakaandika kwamba wanatumaini imani ya Wilfred ni ya kweli. Kwao lilikuwa neno zito, neno lilelile la kukubali. Mwenyekiti wa baraza, kanali mstaafu, alilisoma akacheka. "Hata wenzake wanatumaini tu." Wilfred alichukuliwa na askari, akakataa kuvaa sare, na sasa alikuwa gerezani.

Mkono ulioandika neno lile ulikuwa wa Tabitha.

Kisha ikafika zamu ya Edmund Raw, mjenzi wa kuta za mawe, mtoto wa marehemu dada wa Tabitha. Tabitha ndiye aliyemlea. Alipokaa mezani asubuhi ile aliomba mwingine ashike kalamu. Marafiki wakamwambia aendelee.

Aliandika sentensi nzima, akaacha nafasi ya kitenzi.

Kiingereza kina vitenzi vingi vya mtu anayesimama juu ya neno lake, na asubuhi ile vyote vilimpitia Tabitha kichwani. "Claim" lilikuwa la magazeti, la mwizi anayedai hakuwepo. "Assert," kusisitiza, lilisikika kama ngumi juu ya meza. "Declare," kutangaza, lilikuwa la wafalme wanaotangaza vita, na tangu Agosti ile ya vita hakuweza kulisikia bila kuona picha za vijana waliokufa. Ndipo Jemima Horner, mwalimu wa shule, aliposimama akapendekeza "affirm," kuthibitisha, neno ambalo sheria iliwapa Marafiki badala ya kiapo. Hakuna alilolipenda Tabitha kuliko hilo. Lilikuwa imara, nalo lilikuwa lao. Aliliandika upesi kuliko ilivyompasa, akalisoma.

Caleb Thwaite akasimama. Alikuwa amekonda tangu Machi, Wilfred alipochukuliwa.

"Kwa neno hilo tunasema tunaujua moyo wa Edmund. Mimi siujui."

Hakuna aliyemlaumu. Edmund, kwenye benchi la nyuma, alitazama viganja vyake. Tabitha alisikia hasira ikimpanda hadi masikioni, akatamani kuliacha neno pale pale. Kalamu ilikuwa yake, na mtoto alikuwa wake. Akalifuta.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, kisichofanana na kimya cha watu wasio na la kusema. Kilikuwa kama watu wanaoshika kamba moja gizani, kila mmoja akihisi mvuto wa mwenzake. Kondoo walilia mlimani. Mzee Josiah Peacock, mchunga kondoo, akasimama kwa shida. Alisema aliwaona vijana wa machimboni wakimpiga Edmund nje ya kilabu cha pombe. Edmund alikuwa na nyundo yake ya mawe mkononi. Aliiweka juu ya ukuta, akarudi kusimama mbele yao. Josiah akakaa.

Jemima alisema kwamba tangu shuleni hakumwona akirudisha kofi. Mwingine alisema mtu aliyemtemea Edmund mate ukuta wake ulianguka, na Edmund akaujenga.

Kisha Caleb akasimama tena.

"Tabitha Airey, mambo haya tumeyaona. Nilikuwa nikitafuta neno la nisichokijua." Akashika mgongo wa benchi. "Wilfred naye, tulimwona. Hatukusema."

Akaketi. Kabla Tabitha hajafikiri, mkono wake ulikuwa umeshaandika "testify," tunashuhudia, na chini yake nyundo juu ya ukuta, na ukuta wa adui, na kofi lisilorudishwa. Baadaye angesema hakulichagua neno lile, kwamba liliwekwa mezani na wote waliokuwa mle ndani, naye alilikuta. Akalisoma. Halikusema zaidi ya walichokijua hata kwa unywele, wala halikurudi nyuma hatua moja.

"Natumaini hivyo," alisema Caleb Thwaite, wa kwanza. Kisha mabenchi yote.

Mbele ya baraza kanali alisoma karatasi, akamtazama mwanamke yule mwenye kofia ya kijivu.

"Mnashuhudia. Wewe mwenyewe uliona nini, bibi?"

"Nilimwosha damu. Nyundo ilikuwa safi."

Kanali aliisoma karatasi upya, taratibu, kidole chake kikifuata mistari, na ukumbi ukanyamaza kimya ambacho Tabitha alikifahamu, ingawa hakutarajia kukikuta mahali kama pale. Edmund alipewa ruhusa kwa sharti la kwenda kukata miti katika misitu ya serikali.

Nje, Caleb alikuwa akingoja mvuani. Hakuuliza uamuzi.

"Walicheka?"

"Hapana, Caleb Thwaite. Hawakucheka."

Aliitikia kwa kichwa, akampa mkono Edmund, akaushika muda mrefu. Kisha akashika njia ya nyumbani, akipita kando ya ukuta wa mawe.