Jina la Mama Yangu Dirishani

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ugonjwa wetu walimu ni kuamini kwamba hakuna mtihani usiofanyiwa mazoezi. Kwa hiyo mume wangu alipokuja likizo ya wiki tano ili aandamane nami kwenye mahojiano ya viza, alinikuta na daftari zima la maswali. Hata chai hakuimaliza. Nilimuuliza mapazia ya chumba chetu ni ya rangi gani, akasema buluu, nikamwambia amefeli.

Tulikuwa na miaka mitatu katika ndoa. Yeye anafanya kazi Marekani, katika nyumba ya kutunzia wazee. Mimi nafundisha Kanyangi, Kitui, na kwao ni Makueni, ng'ambo ya mto Athi. Ukijumlisha likizo zake zote katika miaka hiyo, tulikuwa hatujafikisha miezi mitano chini ya paa moja. Viza ile ndiyo ingeamua kama nitaishi na mume wangu au nitaendelea kumtazama kwenye simu akila wali wake peke yake, huku akiniambia umepoa.

Waliotangulia walikuwa wametutia hofu. Mmoja alituambia wataulizia rangi ya mswaki, mwingine akasema wanauliza nani hulala upande wa ukuta. Basi kila jioni tuliketi kwenye baraza ya nyumba yangu ya ualimu tukiambua mbaazi, mimi nikiuliza, yeye akijibu. Tulikutana wapi? Mashindano ya kwaya, Ikutha, yeye akiwa amekuja na kwaya ya kwao. Nani aliongea kwanza? Hapo tulibishana, kwa sababu ni mimi, naye hataki iandikwe hivyo. Kufikia wiki ya pili alikuwa anajibu hata kabla sijamaliza swali, nikaona tuko tayari.

Ubalozini hakuna chumba chenye meza na viti kama nilivyokuwa nimekichora kichwani. Ni madirisha yamepangana kama posta, na afisa yuko nyuma ya kioo. Simu tuliziacha nje. Mimi nilivaa suti yangu ya mikutano ya wazazi, mume wangu akavaa koti la harusi lililokuwa limeanza kumbana tumboni. Tuliinua mikono ya kulia tukaapa kusema kweli.

Afisa alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye miwani, na alizungumza nasi Kiingereza polepole sana. Mimi hufundisha Kiingereza, kwa hiyo nilikasirika kidogo, lakini nilimeza. Alituuliza tulikutana wapi, nani alikuja harusini, mume wangu huingia kazini saa ngapi. Tulijibu vizuri. La mswaki halikuja. Kisha akafungua bahasha ya picha zetu akaanza kuzipanga mbele yake moja moja, akamwonyesha mume wangu picha yangu nikiwa na mama yangu siku ya harusi.

Alimuuliza huyu ni nani. Mume wangu akasema ni mama ya mke wangu. Akamuuliza anaitwa nani.

Mume wangu akaendelea kuitazama picha. Nilidhani hajasikia, nikamgusa kwa kiwiko.

"Tunamwita Mwaitu," akasema.

Afisa akauliza kama hilo ndilo jina lake. Mume wangu akamweleza, kwa uaminifu wote aliokula nao kiapo, kwamba Mwaitu kwa Kikamba ni mama tu. Basi jina lake ni nani? Mume wangu akainamisha macho akayaweka kwenye mbao za dirisha.

"Muulize mke wangu," akasema.

Nilifungua mdomo, na afisa akaniinulia kiganja ninyamaze. Akarudi kwenye picha, safari hii akizitazama kwa namna nyingine. Picha zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja ambayo mume wangu na mama yangu walikuwa pamoja. Kuna moja tu ambayo mume wangu anakata keki, na nyuma yake inaonekana ncha ya kitambaa cha kichwa cha mama ikipotelea nyuma ya jiko. Afisa alimuuliza kama amewahi kukutana na mama huyu. Akasema ndiyo. Akamuuliza kama wamewahi kuzungumza.

"Kwa mbali," akasema mume wangu.

Mimi mwenyewe, ningekuwa upande wa pili wa kioo kile, nisingetuamini.

Ni lazima nieleze hapa kile nilichojaribu kueleza pale na nikaambiwa nikiandike. Kwetu Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake, na iko kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuliko mahali pengine popote. Hawapeani mikono. Hawali meza moja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anakumbuka jambo kichakani. Na jina la mama mkwe, mwanamume halitaji, iwe yupo au hayupo. Wengi siku hizi wameyaacha hayo, na mjini utaona mkwe akimkumbatia mama mkwe stendi mchana kweupe. Mama yangu ni mzee wa ushirika wa akina mama kanisani, na ameacha mambo mengi ya zamani kwa sababu ya wokovu, lakini nthoni hakuiacha. Alisema hajaona mahali Biblia inakataza mtu kuheshimiwa. Siku ya harusi, mpiga picha alipowaita wazazi wa pande zote mbili, yeye alikwenda kuangalia chungu cha muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, jikoni na hakurudi.

Hayo yote niliyajua. Hayakunijia kichwani hata mara moja nilipokuwa nikijaza daftari. Huwezi kuandika swali kuhusu jambo ambalo kwako halijawahi kuwa swali. Hata fomu za viza, sehemu ya wazazi wangu niliijaza mimi kwenye kompyuta za saiba kule Kitui, na mume wangu hakuwa na sababu ya kuligusa jina lile.

Afisa alitupa karatasi. Ilisema tulete ushahidi zaidi wa uhusiano wetu na familia, na turudi siku iliyoandikwa, siku nne kabla ya ndege ya mume wangu. Nje ya lango nilimshukia mume wangu bila kujali askari waliokuwa wakitutazama. Nilimwambia yeye huko kazini huwaogesha akina mama wazee wasiomhusu, huwavalisha nguo, huwafunga vifungo, na hapa ameshindwa kutamka jina moja.

"Wale si mama wakwe zangu," akasema. Kisha akaniuliza, kwa upole ulionizidishia hasira, akija nyumbani kwetu na jina la mama mdomoni, ataingia kwa mlango gani.

Niliporudi Kanyangi nilikwenda kwa mama peke yangu. Nyumba yake iko mwendo mfupi kutoka shuleni. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, ndugu zangu wako Mombasa na Nairobi, na mimi ndiye niliyebaki karibu. Hata hivyo hunipigia simu kila asubuhi kabla sijaingia darasani. Kukata simu hajui, au hataki. Akimaliza maneno yake huiweka mezani ikiwa bado hewani, nami hubaki nikisikiliza kuku wake mpaka niikate mwenyewe.

Nilimkuta akipepeta ndengu. Nikamweleza yote, picha, dirisha, karatasi. Alisikiliza bila kusimamisha ungo.

"Walimuuliza jina langu mbele ya watu?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Na hakulisema."

"Hakulisema, Mwaitu."

Akaendelea kupepeta, na nikaona kwamba amefurahi. Alijaribu kuficha lakini shavu lilimsaliti. Hasira zikanipanda upya. Mlango wangu unafungwa mbele ya macho yangu, na watu hawa wawili, ambao hawajawahi hata kutazamana, wanapeana hongera kupitia kwangu. Nilimwambia kwa sababu ya heshima yao hiyo mimi nitazeekea katika nyumba ya ualimu, peke yangu, kama yeye.

Hilo la mwisho halikuwa kwenye daftari. Lilitoka tu, na nilitamani kulirudisha papo hapo. Mama aliweka ungo chini. Akachukua muda kutoa makapi kwenye leso yake, moja moja.

"Kesho umlete," akasema. "Na hiyo simu ya picha uijaze moto."

Kesho yake tulimkuta amevaa sare ya ushirika, pamoja na kitambaa cha kichwa, ijapokuwa ilikuwa Jumanne. Alikuwa ametoa benchi nje ya jiko. Aliketi mwisho wa upande mmoja. Mume wangu, baada ya kuzunguka kama mtu anayetafuta choo, akaketi mwisho wa upande mwingine, koti lake la harusi likimbana. Katikati mama akaweka ungo wa ndengu. Nilirudi nyuma nikawaambia wasogee kidogo, na hakuna aliyesogea. Nikawaambia watazame simu. Mama akatazama boma la ng'ombe, mume wangu akatazama tangi la maji. Nilipiga picha hivyohivyo.

Nilipokuwa naangalia kama zimetoka, mama alizungumza. Alikuwa akinitazama mimi.

"Umwambie wakimuuliza tena huko, alitaje. Huko si hapa. Mimi sitasikia."

Mume wangu alikuwa hatua tatu kutoka kwake.

"Umwambie Mwaitu nimesikia," akaniambia.

Nikasimama katikati yao na simu mkononi. Sikuwa na haja ya kupeleka ujumbe popote, lakini niliupeleka. Nilimwambia mama, amesikia. Mama akainua ungo wake akaingia jikoni, na baadaye akatuletea chai kwa kuipitisha dirishani.

Usiku ule sikulala vizuri. Haukuwa wasiwasi wa viza tu. Nilijua mama ametoa kitu ambacho sikuwa na haki ya kukiomba, na nilikuwa nimekiomba kwa matusi.

Siku iliyoandikwa ilipofika tulisimama tena mbele ya kioo kilekile, mbele ya afisa yuleyule. Nilikuwa na barua ya kurasa mbili kuhusu nthoni, niliyoiandika na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu, na picha ya benchi. Barua aliisoma haraka. Picha aliitazama muda mrefu. Aliuliza kwenye sinia lile kuna nini, nikamwambia ndengu. Akauliza kwa nini kila mmoja anatazama kwake, nikamwambia kwamba hiyo ndiyo picha yao nzuri kuliko zote, kwa sababu ndiyo ya pekee. Hapo alitabasamu kidogo. Kisha akaondoa tabasamu akamgeukia mume wangu akamuuliza swali lilelile.

Mume wangu alifunga vifungo vya koti, kwa shida, mpaka cha mwisho. Akashusha macho. Halafu akalitaja. Alilitaja lote, la ubatizo, la nyanya yake alilopewa alipozaliwa, na la baba yangu, polepole na kwa sauti ya chini, kama mtu anayeweka yai juu ya meza. Sikuwahi kulisikia jina lile mdomoni mwake, na nilijua sitalisikia tena. Tukijaliwa binti atakayerithi jina hilo, baba yake atamwita Mwaitu mpaka azeeke. Nililia pale dirishani, na afisa akanisukumia karatasi za kupanguza kupitia tundu la stakabadhi. Nadhani alidhani ni furaha. Alikuwa anapiga muhuri, akatuambia viza imekubaliwa, na mimi nilikuwa namfikiria mama akiwa na sare yake siku ya Jumanne.

Tulichukua simu zetu langoni. Mume wangu alikwenda kusimama mbali, upande wa pili wa barabara, kwa sababu alijua ninampigia nani. Mama alishika kabla haijalia mara ya pili.

Nilimwambia wamekubali. Hakusema asante Mungu, ambayo ndiyo huanza nayo kila kitu.

"Alilisema?" akauliza.

"Alilisema."

"Akicheka?"

"Hapana, Mwaitu. Alifunga koti kwanza. Alishusha macho."

Nikasikia kuku. Nilidhani ameshaiweka simu mezani kama kawaida yake, nikangoja.

"Basi huyo ni mtu," akasema. "Nenda naye."

Nilitaka kumwomba msamaha kwa neno lile la siku ya ndengu. Nilikuwa nimelipanga njiani kote, sentensi kwa sentensi. Lakini mama alikuwa amekata simu.