Siku Tatu za Rongui

Leo jirani anachoma pweza, na harufu ya moshi wake imenikalisha mlangoni, kazi nimeiacha.

Vita vilipokaribia kwetu Olumbi, mama aliniambia tutakwenda kisiwani Rongui kwa mama mdogo, siku tatu tu. Wiki nzima tulipanga safari huku tukimenya muhogo. Tungeoga baharini kila asubuhi, tungezunguka kisiwa chote kwa miguu, tungekula pweza wa nazi mpaka tushindwe kuinuka.

"Na baba?" niliuliza.

"Atatufuata."

Tulifika mchana, mchanga ukichoma nyayo. Mama alinilisha pweza kwa mkono wake, yeye hakula. Kisha mama mdogo akafungua furushi tulilokuja nalo. Nguo zangu zote zilikuwamo, hata gauni la Idi. Ya mama haikuwamo hata moja.

"Mama, mbona umebeba zangu zote?"

"Ngoja nikachukue mkeka kwenye mtumbwi," alisema bila kunitazama.

Nilingoja. Nilipotoka, mtumbwi ulikuwa umeshafika mbali, naye amenipa mgongo. Nilimwita mpaka sauti ikakauka.

"Amemfuata baba yako msituni, kwa wapiganaji," mama mdogo alisema. "Aliogopa utalia."

Mama alirudi vita vilipokwisha, peke yake, amekonda, mikono ameinyoosha. Nilimjua palepale. Nikamwamkia shikamoo, nikageuka kuelekea jikoni kwa mama mdogo.

"Mama," nikaita, "njoo, kuna mgeni."