Kopo la Mwisho la Kahawa ya Bibi

Sisi tuliokulia kijijini Lufingo kabla maparachichi hayajaingia, kahawa tuliijua kwa kunyamaza. Bibi aliuza karibu mavuno yote, akabakiza kopo la nyumbani. Jumapili baada ya ibada alikaanga buni kwenye kikaango cheusi mpaka moshi ukatutoa machozi, tukapokezana mchi kuzitwanga, kisha akachemsha kwenye sufuria. Chujio hatukuwa nalo. Aliipua, akanyunyiza maji baridi kidogo, akaiweka sakafuni ili machicha yatue chini.

Hapo ndipo tulipokoma. "Atakayekimbia hapa atakunywa machicha!" bibi alituonya. Basi watoto saba tulikaa kimya, mvua ikipiga bati, harufu ikitutesa. Kwangu mimi mwenye haya huo ndio ulikuwa wakati mzuri, maana hakuna aliyenilazimisha kuongea.

Mwaka huu mibuni iling'olewa, tukapanda maparachichi. Likabaki kopo moja, la mwisho. Ndipo kaka Lusajo, mtoto wa baba mkubwa, akarudi kutoka Dar na birika la kioo la kubinya, lenye kichujio cha kusukumia machicha chini, karatasi za kuchujia, na mzani mdogo utadhani anapima dhahabu.

Akaanza kulinganisha. Ya kubinya akaonja, akasema nzito, akamwaga migombani. Ya karatasi ilidondoka tone kwa tone mpaka ikapoa. Akasema ina uchachu, akamwaga. Mimi nilikuwa nafura kwa hasira, ila mdomo haukufunguka.

Bibi akatoka nje, akaona. "Lusajo, baba, umemwaga kahawa yangu?"

"Najaribu, bibi. Natafuta njia iliyo bora."

"Bora ipi? Lete sufuria."

Akachemsha ile iliyobaki, akaiweka sakafuni. Tukakaa.

"Dakika ngapi, bibi?" Lusajo akauliza, simu mkononi.

"Mpaka itulie. Na wewe utulie."

Bibi akageuka kuchukua vikombe. Kugeuka tu, Lusajo akatumbukiza kijiko, akakoroga kwa nguvu. "Nilivyofundishwa mimi, lazima ikorogwe."

Sijui sauti niliipata wapi. "Kaka, acha!" Nilikuwa nimeshachelewa.

Bibi akaimimina hivyo hivyo, nzito kama tope, akanywa taratibu huku akitema machicha pembeni. "Ndaga fijo," akamshukuru Lusajo kwa Kinyakyusa, na Lusajo akatabasamu, akidhani kasifiwa.

Zamani watoto saba tuliweza kuiacha sufuria itulie. Siku hizi kijana mmoja mwenye ndevu zake kashindwa. Bibi alisuuza kopo, akalifuta, akalirudisha palepale kwenye rafu, utadhani mibuni bado ipo.